Inaanza na A

Mugenyi alinijengea duka lisilo na mlango.
Siku saba, laki tatu na nusu, na chai yangu ya maziwa.
Akanionyesha: hapa picha za vikapu, hapa bei,
hapa hesabu ya wageni, inajihesabu yenyewe.
Na juu kabisa, mwanamke nisiyemjua,
meno meupe kama unga wa muhogo,
visikizio kichwani, anacheka na hewa.
"Huyu nani?"
"Ni wa bure," akasema. "Hutumika kila mahali."

Jioni tukasoma: wageni mia mbili na kumi na wawili.
Wote wamepita barazani kwangu
na hakuna aliyeulizwa ameamkaje!
Hapa Fort Portal, hata mdai akija amefura
unamuuliza kwanza empaako yake, jina lile la salamu,
naye, uso bado umekunjwa, hujibu: "Araali,"
na hasira inabidi ikae chini
isubiri salamu ziishe.

Lakini duka langu lilisema: Mteja Mpendwa.
Mpendwa gani asiye na jina?
Lilisema: Oda yako namba 0047 imepokelewa.
Lilisema: Tafadhali usijibu ujumbe huu.
Usijibu! Mimi, binti wa Kabahenda,
niliyechapwa kwa kumpita jirani bila kusimama.

Nikamtoa yule wa bure.
Nikaweka mikono ya mama, picha ya simu, ukungu pembeni,
kucha zina zambarau isiyotoka hata kwa limau,
sindano imekwama mzunguko wa tisa.
Chini nikaandika: Hiki kilichelewa siku mbili.
Mvua. Mabua ya ulezi yalikataa kukauka.
Mugenyi akashika kichwa: "Udhaifu hauandikwi!"
Nikaandika pia kwamba mama hushona
akisikiliza matangazo ya vifo redioni.

Kisha kisanduku, chini ya namba ya simu:
Empaako yako ni ipi?
Mugenyi akakipachika kinyota chekundu,
*sehemu hii lazima ijazwe.*
La. Toa kinyota. Heshima haidaiwi kwa wino mwekundu.
Asiye nayo aache wazi, tutajua la kufanya.

Wakaanza kuja.
Abwooli wa Kyenjojo, anataka cha kuwekea kalo ya watu sita.
Adyeri, Kampala: "Huku hakuna anayeniita hivyo.
Nipigie tu, uniite." Nikapiga.
Mmoja wa Kitale akaandika: "Sijui hiyo ni nini,
ila mimi ni mkulima wa vitunguu."
Tukampa Akiiki. Sasa husaini hivyo
hata akilalamikia nauli ya mzigo.

Halafu usiku wa Alhamisi, umeme umekatika,
simu asilimia tisa, oda kutoka Malmö:
kikapu kimoja, kile kidogo.
Kwenye kisanduku:
"Nilikuwa nayo. Tuliondoka nina miaka minne.
Mama hayupo tena wa kumuuliza.
Nakumbuka inaanza na A."

Nikamsomea mama. Akacheka, kisha akaacha.
Inaanza na A, mwanangu!
Karibu zote zinaanza na A.

Nikachana karatasi ya daftari la madeni,
nikaandika kwa mkono, kwa taa ya simu inayokufa:
Amooti. Abwooli. Akiiki. Adyeri. Araali.
Atwooki. Ateenyi. Abbooki. Apuuli. Acaali.
Zisome kwa sauti, polepole, ukiwa peke yako.
Ile itakayokufanya ugeuke, ndiyo.
Nikaiweka ndani ya kikapu, chini kabisa,
pale mama anapoanzia kushona.

Wiki tatu. Posta haina haraka na mtu.
Leo mashine inasema wageni kumi na tisa.
Kumi na wanane nimewaamkia kwa kubahatisha.
Wa kumi na tisa hakuagiza kitu.
Ameacha neno moja:
"Nimegeuka."